Maji Kidogo, Watu Wachache: Mhadhara Kuhusu Nomino Zinazohesabika na Zisizohesabika za Kiingereza



Mada ya leo wengi wetu tulikutana nayo shuleni kwa kipindi kimoja. Mwalimu alichora mstari katikati ya ubao. Kushoto akaandika "book", "chair", "goat". Kulia akaandika "water", "sugar", "love". Akasema vya kushoto vinahesabika na vya kulia havihesabiki, kengele ikalia, tukaenda mapumziko. Miaka mingi baadaye mtu mwenye shahada anaandika barua ya kuomba kazi, anasema ana "many experiences" na kwamba anaweza kutunza "office equipments", halafu anashangaa kwa nini hakuitwa kwenye usaili.

Hoja yangu jioni hii ni moja. Msemaji wa Kiswahili ameijua tofauti hii tangu utotoni, maana anaitumia kila anapofungua kinywa. Yanayomkwaza ni mawili. La kwanza, Kiingereza huidai tofauti hiyo mahali ambapo Kiswahili hakiulizi kitu. La pili, kuna maneno machache, yanayoweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja wa daftari, ambayo lugha hizi mbili zimeyagawa tofauti. Tukianzia kwenye Kiswahili, mzigo wa mwanafunzi hupungua sana.

Kanuni inayopotosha

Kanuni ya ubaoni inazungumzia vitu: kinachoweza kuhesabiwa na kisichoweza. Ubaya wake ni kwamba haisimami hata sokoni. Hakuna kitu kinachohesabiwa na kurudiwa kuhesabiwa kama fedha, lakini "money" kwa Kiingereza haihesabiki. Zinazohesabika ni "shillings", "coins" na "notes". Viti, meza na makabati vimepangwa sebuleni na mtoto anaweza kuvihesabu kwa vidole, lakini vyote kwa pamoja ni "furniture", neno lisilokubali wingi. Upande wa pili, "idea", "mistake" na "dream" ni vitu visivyoshikika wala kuonekana, na vinahesabika bila tatizo.

Tazama magunia ya nafaka. "Rice", "wheat" na "maize" havihesabiki. "Beans", "lentils" na "groundnuts" huhesabika. Mtu anaweza kujitetea kwamba punje za mchele ni ndogo mno, nani atazihesabu? Sawa, lakini punje ya dengu ni ndogo kuliko punje ya mahindi. Kama ukubwa ndio ungekuwa kipimo, Kiingereza kingehesabu mahindi kwanza na dengu baadaye. Kimefanya kinyume.

Mwanaisimu wa Denmark, Otto Jespersen, aliliona jambo hili mapema. Katika kitabu chake The Philosophy of Grammar cha mwaka 1924 aliyaweka pamoja, chini ya jina moja, maneno ya vitu vya kushikika kama maji na fedha ya madini, na maneno ya mambo yasiyoshikika kama muziki na mafanikio. Kilichoyaunganisha ni tabia yao katika sentensi. Neno lisilohesabika ni lile ambalo sarufi ya lugha husika hailipi mipaka, hailioni kama kitu chenye mwanzo na mwisho. Kitu chenyewe hakina usemi katika suala hili, maana uamuzi ni wa lugha.

Kiswahili kinajua tayari

Sasa nisikilizeni nikisema: "Kuna maji kidogo." Sawa. "Kuna watu wachache." Sawa. Nikisema "Kuna maji machache," nawaona mnakunja uso. Hakuna aliyewafundisha kanuni hiyo. Mama zenu hawakuwaketisha wakawaeleza kwamba kivumishi "-chache" huenda na vinavyohesabika na "kidogo" huenda na visivyohesabika. Mliinyonya pamoja na lugha.

Si hilo tu. Tunauliza "Watoto wangapi?" lakini "Unga kiasi gani?" Atakayeuliza "Maji mangapi?" tunajua ana chupa kichwani. Tunasema "kila mtu" na "kila kikombe", lakini "kila maji" haipo. Waliosoma Kenya wana ushahidi mwingine daftarini mwao: ngeli ya I-I ya sukari, chumvi na amani, ngeli ya U-U ya unga, ugali na wema, ngeli ya YA-YA ya maji, maziwa na marashi. Hizi ni ngeli ambazo umoja na wingi wake ni kitu kimoja. Mwanafunzi aliyekariri ngeli hizo ameshajifunza nomino zisizohesabika, ila hakuambiwa kwamba ndizo hizohizo anazofundishwa kipindi kinachofuata cha Kiingereza.

Kiswahili kina hata njia ya kuchomoa kimoja kutoka kwenye lundo. Tuna kuni, na tukitaka kimoja tunasema ukuni. Tuna nywele na unywele, ndevu na udevu, nyasi na unyasi. Kiingereza hakina kiambishi cha kazi hiyo. "Firewood" haihesabiki, na anayetaka ukuni mmoja lazima azunguke: "a piece of firewood". Anayetaka unyasi mmoja aseme "a blade of grass". Kiarabu nacho kina njia yake ya kuchomoa: "mawz" ni ndizi kwa jumla, na ukiongeza herufi ya mwisho, "mawza", umepata ndizi moja. Kila lugha ina lundo na ina namna ya kupata kimoja. Tofauti iko kwenye vifaa vya kuchomolea.

Mahali Kiingereza kinapouliza

Kama tunaijua tofauti, kwa nini tunakosea? Kwa sababu Kiswahili huiuliza mara mojamoja, na Kiingereza huiuliza karibu kila sentensi.

Chukua sentensi mbili: "Nimenunua kitabu" na "Nimenunua sukari". Umbo ni moja, hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa. Kwa Kiingereza ni "I have bought a book" lakini "I have bought sugar". Nomino inayohesabika, ikiwa katika umoja, haitembei peke yake. Lazima itanguliwe na kitu: "a", "the", "my", "this", "every" au kingine cha jamii hiyo. "I have bought book" ni kosa, hata kama maana inaeleweka. Nomino isiyohesabika hutembea yenyewe, na ukiiwekea "a" mbele umeikosea heshima. Kanuni hii moja, ikieleweka vizuri, inafuta sehemu kubwa ya wino mwekundu kwenye madaftari yetu. Kiswahili hakina kibainishi cha namna hiyo, kwa hiyo mwanafunzi hana mazoea ya kujiuliza swali lenyewe.

Mahali pa pili ni "-ingi". Watu wengi, maji mengi, sukari nyingi: shina ni moja kwa wote. Kiingereza kinataka "many people" lakini "much water". Hapa Kiswahili hakimsaidii mwanafunzi, lakini Kiingereza chenyewe kina mlango wa pembeni. "A lot of" hufanya kazi sawasawa na "-ingi" yetu, inakubali pande zote mbili. Zaidi ya hayo, Waingereza wenyewe katika mazungumzo hawapendi "much" kwenye sentensi ya kukubali. "I have a lot of money" inasikika vizuri kuliko "I have much money". Basi "much" na "many" tuziweke hasa kwenye maswali na kukanusha, na pengine pote tutumie "a lot of".

Kwa "kidogo" na "-chache" hali ni nzuri zaidi. Kiingereza kina "little" na "few", na zinalingana na zetu karibu moja kwa moja. Anayechanganya hizo mbili hana haja ya orodha. Aseme kwanza kwa Kiswahili, kisha afasiri.

Mahali pa tatu ni kitenzi. Sisi tunasema "maji yamemwagika" na "habari zimefika". Upatanisho wa "ya-" na "zi-" unasikika kama wingi masikioni mwetu, na ndipo mtu anapoandika "the news have arrived" au "the information are correct". Kiingereza hakijali upatanisho wetu. Kwake kisichohesabika huchukua kitenzi cha umoja: "the water has spilled", "the news has arrived".

Kipimo cha "kidogo"

Naomba sasa tukijaribu kipimo chetu kwenye maneno magumu. Tuchukue nomino ya Kiswahili, tuione inakaa vizuri na "kidogo" au na "-chache", kisha tutazame Kiingereza kinasemaje.

Pesa kidogo: "a little money". Kipimo kimefaulu, ingawa tunauliza pia "pesa ngapi?" na hapo ndipo "how many money" inapozaliwa. Ushauri kidogo: "a little advice". Ushahidi kidogo: "a little evidence". Maendeleo kidogo: "a little progress". Maarifa kidogo: "a little knowledge". Maneno mawili ya mwisho yana umbo la wingi kwa Kiswahili, ila hayakutudanganya, kwa sababu sikio letu linajua kwamba maarifa hayahesabiwi. Utafiti kidogo: "a little research".

Kinachonifurahisha zaidi ni maneno yanayokubali yote mawili. Kazi kidogo ni "a little work". Kazi chache ni "a few jobs". Nafasi kidogo, kama ile ya kuketi kwenye daladala, ni "a little room" au "a little space". Nafasi chache, kama zile zinazotangazwa gazetini, ni "a few vacancies". Kiswahili kimegawa maana palepale Kiingereza kinapogawa. Ni kivumishi tu kimebadilika.

Na mwombaji wetu wa kazi? Uzoefu kidogo, uzoefu wa miaka mitano: "five years' experience", bila "a" na bila "s". "Experiences" kwa wingi ni yaliyomkuta mtu, matukio aliyoyapitia, machache au mengi. Aliyeandika "many experiences" alitaka kusema ni mzoefu, akasema yamemkuta mengi. Pengine ni kweli, lakini mwajiri hakuuliza hilo.

Kipimo hiki hakifaulu kila mahali, na ni vizuri kukiri pale kinapogonga mwamba. Sisi tunasema mikate michache, chaki chache, mizigo michache, vifaa vichache, samani chache, taarifa chache, habari chache, nywele chache, ngurumo chache. Kiingereza kinakataa: "bread", "chalk", "luggage", "equipment", "furniture", "information", "news", "hair", "thunder", vyote havihesabiki katika maana hiyo. Ongeza mitambo, ambayo kwa pamoja ni "machinery", na kazi za nyumbani za wanafunzi, ambazo ni "homework". Hii ndiyo orodha yenyewe. Hii ndiyo ya kukariri, na si ndefu.

Tena hatuko peke yetu. Mfaransa husema "informations", "conseils", "meubles" na "bagages", zote kwa wingi. Mjerumani ana "Informationen". Wakijifunza Kiingereza wanajikwaa kwenye jiwe lilelile tunalojikwaa sisi. Mtu asidhani hilo ni kosa la Mwafrika.

Vya kuchomolea

Neno lisilohesabika halituzuii kuhesabu. Linatudai kipimo. Babu zetu wa pwani walipima nafaka kwa kibaba na pishi, vibaba vinne vikifanya pishi moja, na hakuna aliyedhani mchele umeshindikana kuhesabika. Leo tuna kilo, debe na robo. Tuna punje ya mchele, tone la maji, chembe ya chumvi, tonge la ugali, mche wa sabuni. Kiingereza kina vyake: "a grain of rice", "a drop of water", "a pinch of salt", "a bar of soap", "a loaf of bread", "a sheet of paper". Na kina kimoja kinachofaa karibu kila mahali, "a piece of": "a piece of advice", "a piece of information", "a piece of furniture", "a piece of chalk", "a piece of luggage". Kwa habari na vifaa "an item of" inafaa pia. Mahindi mawili ya kuchoma ni "two cobs of maize", na muuzaji wa barabarani hatakosa kuelewa.

Kuna njia nyingine ya kuhesabu, nayo ni kutafuta pacha wa neno. Maneno mengi yasiyohesabika ya Kiingereza yana ndugu anayehesabika. "Work" ana "job". "Travel" ana "trip". "Luggage" ana "bag". "Machinery" ana "machine". "Homework" ana "assignment". "Advice" ana "suggestion". "Poetry" ana "poem", na hapa Kiswahili kinafanya vilevile: ushairi hauhesabiki, mashairi yanahesabika. Mwanafunzi akifundishwa maneno haya kwa jozi, hatatafuta "s" ya kuongeza. Atamtafuta ndugu.

Nigusie kwa haraka kundi linalochanganya kwa sababu ya herufi ya mwisho. "News", "mathematics" na "measles" yana "s" lakini si wingi, na kitenzi chake ni cha umoja. Kinyume chake, suruali moja, mkasi mmoja na miwani moja kwa Kiingereza daima ni wingi: "trousers", "scissors", "glasses". Mitaani kwetu tunasikia "a trouser". Kiingereza sanifu kinataka "a pair of trousers", labda kwa sababu suruali ina miguu miwili, ingawa shati lina mikono miwili na halikupewa heshima hiyo.

Neno moja, sura mbili

Ingia mgahawani useme "Nipe chai mbili." Hakuna atakayekurekebisha, ingawa chai ni ya ngeli ya I-I. Umehesabu vikombe na neno kikombe hukulitaja. Kiingereza kinafanya hivyohivyo: "Two teas, please." Maana yake ni kwamba kuhesabika si alama iliyochomwa kwenye neno milele. Ni namna ya kulitumia, na maneno mengi yana namna mbili.

"Chicken" bila kibainishi ni nyama ya kuku. "A chicken" ni kuku mzima na manyoya yake. Aliyesema "I ate a chicken yesterday" amejitangaza mlafi bila kujua. "Iron" ni chuma, "an iron" ni pasi. "Glass" ni kioo kama malighafi, "a glass" ni glasi ya kunywea. "Paper" ni karatasi, "a paper" ni gazeti, mtihani au makala ya kitaaluma. "Room" ni nafasi, "a room" ni chumba. "Time" ni muda, "three times" ni mara tatu. "Business" ni biashara kwa jumla, "a business" ni duka au kampuni.

Tazameni upande wa Kiswahili wa jozi hizo. Chuma na pasi, kioo na glasi, karatasi na gazeti, nafasi na chumba, muda na mara. Mahali ambapo Kiingereza kinalilazimisha neno moja kubeba maana mbili na kuzitenga kwa kijineno "a", Kiswahili kimezipa kila moja jina lake. Kwa hiyo msemaji wa Kiswahili ana faida. Akijiuliza "Nataka kusema chuma au pasi?" amepata jibu la kibainishi kabla hajafungua kinywa. Mwingereza mdogo anayekua hana msaada huo. Lazima aitambue tofauti kwa "a" peke yake.

Lugha haijasimama

Anayeamini kwamba mgawanyo huu ni wa milele aulize historia ya njegere. Zamani Waingereza walikuwa na neno "pease", na lilikuwa umoja. Likitajwa, sauti ya mwisho ilisikika kama "s" ya wingi. Katika karne ya 17 watu wakajikuta wanasema: kama hizi ni "peas", basi moja ni "pea". Neno likapata umoja mpya uliotokana na kusikia vibaya. Tusiwacheke, maana sisi tumefanya hayohayo. Kitabu ni neno la Kiarabu lisilo na kiambishi cha "ki-", lakini tukaliona kama kiti, tukapata vitabu. Alama ya barabarani ya Kiingereza iliyowaambia madereva wakae kushoto ikawa kipilefti, na leo tuna vipilefti. Na kile kinachokinga matope kwenye gurudumu kiliingia kama madigadi, tukaona "ma-" ni ya wingi, tukakipa kimoja jina la digadi. Hicho ndicho kisa cha njegere, neno kwa neno.

"News" nayo, enzi za Shakespeare, ilitumika kwa umoja na kwa wingi vilevile. Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611 ina "thunders" kwa wingi, ngurumo zinazohesabika kama zetu. Mwaka 1860 kilichapishwa London kitabu cha Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyeishi Rabai, nyuma ya Mombasa, ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilitoka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Jina la kitabu hicho cha 1860 linaanza hivi: Travels, Researches, and Missionary Labours. Miaka mitatu kabla yake David Livingstone alikuwa ametoa Missionary Travels and Researches in South Africa. Michael Faraday, gwiji wa umeme, alikusanya kazi zake chini ya jina la Experimental Researches in Electricity. "Researches", kwa wingi, kwenye jalada, na hakuna aliyewasuta. Leo mhariri wa jarida la kitaaluma angelifuta neno hilo bila kusita.

Kisa cha "less" na "fewer" kinaonyesha jinsi kanuni zinavyotengenezwa. Waingereza walikuwa wametumia "less" kwa vitu vya kuhesabika tangu karne ya 9, enzi za Mfalme Alfred. Mwaka 1770 mtu aitwaye Robert Baker akaandika kwamba yeye angependelea "fewer" kwa vitu vinavyohesabika. Yalikuwa maoni ya mtu mmoja. Walimu waliofuata wakayageuza sheria. Sheria hiyo ilifika hadi kwenye maduka ya Tesco nchini Uingereza, ambako mabango ya foleni ya haraka yalisema "10 items or less" na wateja wenye kupenda sarufi wakalalamika. Mwaka 2008 Tesco iliamua kukwepa ugomvi wote, ikaandika "Up to 10 items".

Na mabadiliko yanaendelea. "Mail" haihesabiki, lakini "email" siku hizi inahesabika, na watu wanasema "two emails" bila aibu. "Data", ambalo kwa Kilatini ni wingi, watu wengi sasa wanalitumia kama kisichohesabika.

Basi, "informations" ni kosa?

Swali hili huulizwa kila mara, na linastahili jibu la wazi. Wanaisimu waliochunguza Kiingereza cha Afrika, akiwemo Mjerumani Josef Schmied aliyeandika kitabu juu yake mwaka 1991, wamebainisha wingi wa namna hii katika Afrika Mashariki. Unapatikana pia Nigeria na India. Neno linalosemwa na watu wengi namna hii, katika nchi nyingi, kwa sababu zinazoeleweka, haliwezi kuitwa bahati mbaya ya mtu mmoja. Ni mwelekeo wa lugha, na huenda karne ijayo ukashinda, kama "pea" ilivyoshinda.

Lakini mwanafunzi hafanyi mtihani karne ijayo. Anaufanya mwaka huu, na anayesahihisha ana mwongozo mezani. Anayetuma makala kwa jarida, anayeomba ufadhili, anayeandika mkataba, anasomwa na watu watakaompima kwa Kiingereza sanifu cha leo. Kumwambia kwamba "equipments" ni sawa kwa sababu historia inamtetea ni kumpeleka mahakamani bila wakili. Afundishwe umbo sanifu, na afundishwe pia kwamba lile jingine si dalili ya ujinga. Mzungumzaji wa sokoni au kituoni akisema "informations", tumwelewe tuendelee na safari. Kumcheka mtu kwa herufi moja ni tabia tuliyoirithi tu, na haijawahi kumfundisha mtu yeyote sarufi.

Kwa walimu

Nina mapendekezo matatu.

La kwanza, tufundishe nomino ya Kiingereza pamoja na mwandani wake, kama tunavyofundisha nomino ya Kiswahili pamoja na ngeli yake. Hakuna anayelijua neno "mti" kama hajui kwamba wingi wake ni miti na kwamba tunasema mti huu. Vivyo hivyo, hakuna anayelijua neno "advice" kama hajui kwamba linakwenda na "a piece of" na kwamba ndugu yake ni "suggestion". Neno lisiandikwe ubaoni likiwa peke yake.

La pili, tuwape mazoezi ya kusoma kwa jicho hili. Wape wanafunzi aya moja ya gazeti la Kiingereza. Wapigie mstari kila nomino, kisha wajibu swali moja: kabla yake kuna nini? Baada ya wiki chache wataanza kuona kwamba nomino ya umoja isiyo na chochote mbele yake karibu daima haihesabiki. Wakiligundua wenyewe, hawatalisahau.

La tatu, tuanze na "kidogo" na "-chache". Mwalimu wa Kiingereza asione haya kuleta Kiswahili darasani kwa dakika tano, na mwalimu wa Kiswahili anayefundisha ngeli ya YA-YA amkumbushe mwanafunzi kwamba somo hilo litamfaa pia kipindi kijacho. Sarufi mbili zilizokaa katika kichwa kimoja hazina sababu ya kununiana.

Mwanafunzi akiwaletea daftari lenye "few informations", msianze na alama ya mkasi. Mwambieni kwamba alichofikiria kwa Kiswahili ni sahihi, kwa kuwa taarifa zinahesabika kwetu. Mwambieni kwamba neno hili limo katika ile orodha fupi ambayo Kiingereza kimeamua vingine. Kisha mpeni cha kuchomolea, "a few pieces of information", na mwacheni aandike sentensi nyingine tatu kwa maneno mengine ya orodha hiyo. Atakuwa amejifunza kanuni, amejifunza mahali inapovunjika, na ameambiwa kwamba lugha ya mama yake ilikuwa upande wake muda wote.

Maswali yanaruhusiwa, machache au mengi.